Namba Zilizopimwa na Namba Zilizojazwa

Hapana jedwali lisilo na mapengo. Mtu apimaye joto la bahari hawezi kutumbukiza kipimajoto chake katika kila tone la maji. Hupima hapa, akasogea, akapima pale. Mtaalamu wa nyota huiona sayari usiku mmoja, kisha mawingu yakatanda siku tatu, akaiona tena usiku wa nne. Baina ya kipimo na kipimo pana nafasi tupu, na katika nafasi hiyo ndimo maswali mengi ya watu huangukia. Baharia hatosheki kuambiwa mwezi ulikuwa wapi saa sita kamili. Ataka kujua uko wapi wakati huu autazamapo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hesabu wa zama nyingi walilazimika kutafuta njia ya kupata namba ya katikati kutokana na namba zilizo kando yake. Njia hiyo huitwa intapolesheni.

Kazi hiyo hiyo ndiyo ifanywayo leo na kompyuta inapoikuza picha ndogo kuwa kubwa, inapoyapanga upya majedwali ya hali ya hewa, au inapozilinganisha picha za ndani ya mwili wa mgonjwa. Majedwali ya kale mengi yalikuwa ya safu chache, yakaandikwa juu ya udongo au karatasi. Ya leo aghalabu ni ya pande tatu, nne au zaidi, nayo hukaa katika kumbukumbu ya mashine. Umbo limebadilika, lakini swali limebaki lile lile: namba iliyojazwa kwa kukisia ina haki gani ya kukaa safu moja na namba iliyopimwa?

Jina lenyewe la kazi hii lina historia yenye mafunzo. Limetoka katika neno la Kilatini, interpolare, ambalo maana yake ilikuwa kukipa kitu cha zamani sura mpya, kama mtu ang'arishaye nguo iliyochakaa ili ionekane mpya. Kutoka hapo likapata maana ya kughushi. Wasomi wa hati za kale hulitumia mpaka leo kwa maneno yaliyochomekwa na mnakili katika maandishi ya mtu mwingine, na kwao jambo hilo ni kosa la kutafutwa na kuondolewa. Mwingereza John Wallis alilitumia katika hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1656, kwa maana ya kutia namba baina ya namba. Basi neno moja likawa jina la hila kwa wasomi wa hati, na jina la ustadi kwa wasomi wa hesabu. Ustadi huo umekuwa ukitembea karibu na hila hiyo tangu mwanzo wake, na mpaka uliopo baina yao ni mwembamba.

Kazi yenyewe ni ya kale kuliko jina lake. Katika karne za mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo, waandishi wa Babeli walichora juu ya vigae vya udongo majedwali ya mwendo wa mwezi na sayari, ambayo namba zake ziliongezeka na kupungua kwa kadiri sawa. Kanuni iliyo ndani ya majedwali hayo ni nyepesi kuliko zote: mwendo wa siku kumi ukijulikana, mwendo wa siku moja ni sehemu yake ya kumi. Hiyo ni njia ya mstari ulionyooka.

Ptolemy, aliyeishi Aleksandria katika karne ya pili, aliipa njia hiyo nafasi yake rasmi. Katika kitabu chake kiitwacho Almagest, kilichoandikwa karibu na mwaka 150, aliweka jedwali la urefu wa upote kwa kila tao la duara, kuanzia nusu digrii hadi digrii 180, kwa hatua za nusu digrii. Mistari yake ni 360. Lakini hakuishia hapo. Pembeni mwa safu ya tao na safu ya upote alitia safu ya tatu, yenye kuonyesha upote waongezeka kiasi gani kwa kila dakika moja ya tao. Mtu aliyetaka thamani isiyoandikwa alichukua namba iliyo karibu, akaongeza kwa kipimo cha safu ile ya tatu. Ptolemy hakujifanya kuwa amehesabu kila kitu. Alitoa namba zake, kisha akatoa kando yake chombo cha kujazia mapengo, na kila msomaji aliweza kuona hiki ni kipi na kile ni kipi. Vilevile alitengeneza majedwali ya sayari ambayo jibu lake lilitegemea vitu viwili kwa pamoja, na akatia safu ya kugawia baina ya hali moja na nyingine. Hapo tayari pana mbegu ya intapolesheni ya pande nyingi.

Mstari ulionyooka, hata hivyo, hauwezi kufuata kitu kinachopinda. Jua halionekani kwenda kwa kasi moja mwaka mzima, na mtunga kalenda akilichukulia hivyo, kosa lake litajidhihirisha siku ya kupatwa kwa jua. Huko China, karibu na mwaka 600, Liu Zhuo alitumia katika kalenda yake kanuni iliyotazama tofauti baina ya namba na namba, na pia tofauti ya tofauti hizo. Mwaka 727 mtawa Yi Xing aliipeleka mbele kanuni hiyo, ikafaa hata pale ambapo vipimo havikuwa na nafasi sawa baina yake. Huko India, Brahmagupta aliandika kanuni ya jamii hiyo katika kitabu chake cha mwaka 665, kwa ajili ya majedwali ya pembe. Naye al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya kumi na moja aliyeijua elimu ya Kihindi na kuandika kwa Kiarabu, aliichunguza kazi hii katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota. Wote hawa walitambua jambo moja: namba za jedwali zina mwendo wake, na mwenye kutaka kujua iliyo katikati sharti azitazame na zile zilizo mbali kidogo, si zile mbili za jirani peke yake.

Huko Ulaya kazi hii ilikua kwa nguvu baada ya John Napier kutangaza logarithimu mwaka 1614. Henry Briggs alitoa jedwali lake mwaka 1624, lenye logarithimu za namba 1 hadi 20,000 na 90,000 hadi 100,000, kwa tarakimu 14 za desimali. Hakuzitafuta zote moja moja kwa njia ndefu. Alitafuta chache kwa taabu, akazijaza nyingine kwa tofauti zake. Hata hivyo katikati ya kitabu kulibaki pengo la namba 70,000. Pengo hilo lilizibwa na Mholanzi Adriaan Vlacq mwaka 1628, kwa tarakimu 10. Vizazi vingi vya wapimaji, mabaharia na wahandisi vilifanya kazi juu ya namba ambazo nyingi kati yake zilikuwa zimejazwa, na jengo lilisimama, kwa sababu logarithimu huenda kwa upole wala hairuki ghafula. Hapa intapolesheni ilistahili kuaminiwa, kwa kuwa asili ya kitu chenyewe ilijulikana kabla ya kujaza.

Isaac Newton aliipa kazi hii kanuni ya jumla. Katika kitabu cha tatu cha Principia, mwaka 1687, alieleza jinsi ya kupitisha mkunjo mmoja katika nukta zozote zilizotolewa, kisha akaonyesha matumizi yake: kimondo chenye mkia kikiwa kimeonekana siku kadha wa kadha, mahali pake katika siku za katikati panaweza kupatikana. Baadaye Edward Waring, mwaka 1779, na Joseph-Louis Lagrange, mwaka 1795, walitoa kanuni iliyo nyepesi kuandikwa, ambayo leo hujulikana kwa jina la Lagrange. Wakati huo huo maisha ya watu yalikuwa yamekwisha kutegemea kazi hii baharini. Kitabu cha mabaharia cha Uingereza cha mwaka 1767, kilichosimamiwa na Nevil Maskelyne, kilitoa umbali baina ya mwezi na nyota maalumu kwa kila saa 3 za Greenwich. Wakati wowote wa katikati ulikuwa ni kazi ya baharia mwenyewe, kwa kalamu yake, chomboni mwake, na kosa lake lingeweza kuwa mwamba.

Kanuni ya Newton ilileta tamaa. Ikiwa mkunjo mmoja waweza kupita katika nukta zote, basi ilidhaniwa kwamba nukta zikizidi, ukweli nao utazidi. Mjerumani Carl Runge aliivunja dhana hiyo mwaka 1901. Alichukua mkunjo mpole usio na kona, ulioinuka katikati mfano wa kilima na kushuka pande zote mbili. Akachukua nukta zake kwa nafasi sawa, akapitisha mkunjo wa kanuni ndani yake. Katikati mambo yalikuwa mema. Lakini karibu na ncha mkunjo ulianza kupepesuka juu na chini, na kila nukta zilipoongezwa, kupepesuka kulizidi. Mkunjo uligusa kila nukta kwa uaminifu, na baina ya nukta ukasema uongo mkubwa. Penye urembo ndipo penye urimbo.

Dawa ilitoka kwa mafundi. Wachoraji wa ramani za meli walikuwa wakitumia ufito mwembamba unaonyumbulika, wakiubana kwa vizito mahali maalumu na kuuacha ujipinde wenyewe baina ya vizito hivyo. Mwaka 1946 Isaac Schoenberg, aliyekuwa akifanya kazi za majedwali ya mizinga katika maabara ya jeshi la Marekani, aliandika hesabu ya ufito huo na kuuita kwa jina la mafundi: splaini. Siri yake ni kuacha kulazimisha mkunjo mmoja utawale jedwali zima. Kila nafasi baina ya nukta mbili hupewa mkunjo wake mdogo, na mikunjo hiyo hushikamana kwa upole pale inapokutana. Kosa la upande mmoja halipewi nafasi ya kuvuruga upande mwingine.

Mpaka hapo kazi ilikuwa zaidi ya namba za vitabuni. Mwaka 1957 ilifunguliwa mlango mpya, Russell Kirsch na wenzake katika idara ya vipimo ya serikali ya Marekani walipoiingiza picha ya mtoto wake mchanga katika kompyuta. Picha ile ilikuwa jedwali la mistari 176 na safu 176, yaani nukta 30,976. Tangu siku hiyo picha ikawa jedwali, na kukuza picha kukawa ni kujaza jedwali. Mwaka 1972 Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya Landsat, ambayo kila nukta yake ilifunika karibu mita 80 za ardhi. Ili picha hizo zilingane na ramani, hapakuwa na budi kuzipanga upya namba zake zote. Mwaka 1981 Robert Keys alieleza kwa utaratibu njia ya kujaza inayotumia nukta nne katika kila upande, nayo imeenea katika programu nyingi za picha.

Jinsi jedwali la pande nyingi linavyojazwa yaweza kuelezwa kwa mfano mdogo. Chukua mraba wenye namba nne katika pembe zake: juu 10 na 20, chini 30 na 60. Namba ya katikati ni ipi? Kwa njia ya mstari ulionyooka, kwanza hutafutwa katikati ya 10 na 20, ambayo ni 15, na katikati ya 30 na 60, ambayo ni 45. Kisha hutafutwa katikati ya 15 na 45, ambayo ni 30. Mtu akianza kwa kwenda chini badala ya kwenda upande, atapata 20 na 40, na katikati yake ni 30 vilevile. Hiyo ndiyo neema ya kanuni hii: upande mmoja hushughulikiwa baada ya mwingine, na zamu haibadilishi jibu. Jedwali likiwa la pande tatu, kama kurasa za kitabu zilizopangwa moja juu ya nyingine, namba za jirani huwa 8. La pande nne, huwa 16. Kwa njia ya Keys, ambayo hutaka nne katika kila upande, pande mbili huhitaji 16, na pande tatu huhitaji 64. Kadiri pande zinavyoongezeka, ndivyo gharama inavyopanda, na ndivyo jicho la binadamu linavyoshindwa kukagua matokeo.

Programu za hesabu zimeifanya kazi hii iwe ya amri moja. Katika lugha ya Python, maktaba ya NumPy, iliyotoka rasmi mwaka 2006, ina amri ya kubadili ukubwa wa jedwali. Lakini amri hiyo haijazi katikati, bali hurudia namba za mwanzo mpaka nafasi ziishe. Mwanafunzi asiyejua hilo hudhani amekuza picha, kumbe ameinakili vipande vipande. Amri ya kukuza iliyo katika maktaba ya SciPy hutumia splaini za daraja la tatu, isipoambiwa vingine. Zaidi ya hayo liko swali ambalo watu wengi hawalioni mpaka liwaumize. Nguzo nne za ua zina nafasi tatu baina yake. Mashamba manne yaliyopakana ni manne. Je, namba za jedwali ni nguzo au ni mashamba? Zikiwa nguzo, kukuza namba nne kuwa nane huacha ya kwanza na ya mwisho mahali pake, na hatua huwa tatu ya saba. Zikiwa mashamba, kila shamba hugawanywa mara mbili, na hatua huwa nusu. Majibu mawili tofauti hutoka katika swali moja, na kila moja ni sahihi kwa dhana yake. Mwenye kuchanganya dhana mbili katika kazi moja husogeza picha nzima pembeni kidogo, pasipo kuonywa na mashine.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Katika picha za mwili, wataalamu huandika namba kuonyesha kila kiungo: tuseme 1 ni ini, 2 ni wengu, 3 ni figo. Jedwali hilo likikuzwa kwa njia ya mstari, katikati ya ini na figo itatokea namba 2, na wengu utazuka mahali ambapo haupo. Hesabu haikukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mtu aliyesahau kwamba namba zile zilikuwa majina, wala hazikuwa vipimo. Kwa majina yafaa kuchukua jirani aliye karibu zaidi, basi. Katika majedwali ya mvua nako yako mengine. Vituo vinne vikiwa na 0, 0, 0 na 10, njia ya Keys itatoa katikati ya cha pili na cha tatu thamani ya 0.625 chini ya sifuri, na hapana mvua iliyo chini ya sifuri. Ulaini wa mkunjo umenunuliwa kwa jambo lisilowezekana.

Kupunguza nako kuna mtego wake. Safu yenye 0, 10, 0, 10 ikipunguzwa nusu kwa kuruka namba moja baada ya nyingine, hubaki sifuri tupu, na nusu ya habari imetoweka bila ya kuacha alama. Sharti namba zichanganywe kwanza, ndipo zipunguzwe. Claude Shannon alieleza mwaka 1949 ni vipimo vingapi vinavyohitajika ili mawimbi yasipotoshwe. Hata hivyo mwaka 2022 watafiti Gaurav Parmar, Richard Zhang na Jun-Yan Zhu walionyesha kwamba maktaba kadhaa mashuhuri zilikuwa zikipunguza picha bila ya kuchukua tahadhari hiyo, na kwamba tofauti hizo ziliathiri vipimo vya kulinganishia mashine zinazotunga picha. Elimu ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, na bado ilisahauliwa ndani ya amri moja.

Mwaka 2020 jambo hili lilitoka katika maabara likaingia katika mazungumzo ya watu wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, ambayo hupewa picha ndogo ya uso iliyofifia, ikatunga uso wenye nywele, ngozi na macho yaliyo wazi. Haitumii majirani peke yake kama kanuni za kale. Hujazia pengo kwa mfano wa nyuso ilizofunzwa. Mtu mmoja aliipa picha ndogo ya Barack Obama, nayo ikatoa uso wa Mzungu. Uso huo ulikubaliana na nukta zilizotolewa, kama mkunjo wa Runge ulivyogusa nukta zake. Lakini baina ya nukta hizo mashine iliweka watu iliowazoea. Mwenye kujaza pengo hutumia kile alichonacho, na ikiwa alichonacho ni nyuso za upande mmoja, nyuso za upande wa pili hufutwa kwa upole na kwa ulaini. Fikiri uso kama huo ukiletwa mbele ya hakimu kuwa ni ushahidi.

Haifuati kwamba intapolesheni ni kazi ya kuachwa. Bila yake Briggs asingemaliza kitabu chake, wala baharia asingejua alipo. Lililo wajibu ni kufahamu inachoweza na isichoweza. Picha ya Kirsch ikikuzwa mara mbili kila upande itakuwa na nukta 123,904, lakini ushahidi wake ni ule ule wa nukta 30,976. Zilizoongezeka ni dhana za mkuzaji juu ya dunia: kwamba inakwenda kwa mstari, au kwa upole, au kwamba inafanana na ile iliyoonekana zamani. Dhana hizo zaweza kuwa njema, lakini hubaki dhana.

Tofauti ya ustadi na ughushi, basi, haimo katika kanuni. Mnakili aliyechomeka ubeti katika utenzi wa mwingine huenda alikuwa mshairi hodari. Kosa lake ni kuuficha mkono wake. Ptolemy naye alijaza mapengo, lakini aliiweka safu ya tatu mahali pa kuonekana, na anayekisoma kitabu chake leo bado anaweza kutenga kilichohesabiwa na kile kilichoachiwa mkono wa msomaji. Kompyuta hutoa jedwali lililojaa pande zote, namba zote zikiwa za sura moja, na safu ya tatu imeondolewa. Anayeikuza picha, ramani au jedwali la mgonjwa hana budi kuirudisha safu hiyo: aandike kando ya kazi yake ni namba zipi zilizopimwa, ni zipi zilizojazwa, na kwa kanuni ipi.